Kasri za India zilizogeuka hoteli: ipi inastahili fedha yako

Mwaka 1971 Bunge la India lilipitisha marekebisho ya 26 ya Katiba na kufuta posho ambazo serikali ilikuwa ikiwalipa watawala wa zamani, wale maharaja na manawabu waliokubali kuziunganisha dola zao na India huru. Wakabaki na majumba yenye vyumba visivyohesabika, mapaa yanayovuja kila msimu wa mvua na watumishi waliorithiwa tangu enzi za babu, bila ya fungu la kuviendesha vyote hivyo. Wachache walikuwa wameiona hali hiyo mapema: maharaja wa Jaipur aliifungua Rambagh Palace kuwa hoteli mwaka 1957, na mtawala wa Udaipur akafanya vivyo hivyo kwa kasri lake la ziwani mwaka 1963. Wengine walifuata kwa kulazimika. Hivyo ndivyo lilivyokua soko ambalo leo linamwezesha mtu yeyote mwenye kadi ya benki kulala mahali palipokuwa pakilazwa magavana na wafalme, na kwa kuwa ni soko, limejaa bidhaa halisi, bidhaa za kuigiza, na bidhaa halisi zilizopandishwa bei kwa ajili ya jina.

Orodha ifuatayo imepangwa kwa kigezo kimoja tu, nacho ni hiki: kwa kila rupia anayoitoa, mgeni anapata kiasi gani cha jengo lenyewe? Ulaini wa shuka, ukubwa wa bwawa la kuogelea na idadi ya nyota havikuhesabiwa, kwa sababu vitu hivyo msafiri anaweza kuvinunua Nairobi au Dubai bila ya kusumbuka na viza ya India.

Kwanza, ukuta

Wizara ya Utalii ya India inazipanga hoteli za urithi katika madaraja matatu, yaani Heritage Basic, Heritage Classic na Heritage Grand, na sharti la msingi ni kwamba jengo liwe limejengwa kabla ya mwaka 1950. Sharti hilo peke yake linaziondoa hoteli kadhaa ambazo picha zake hutangulia katika matangazo. Oberoi Udaivilas ya Udaipur, kwa mfano, ina makuba, nyua na vidimbwi kama kasri la karne ya 18, na huduma yake inasifiwa kwa haki, lakini ilifunguliwa mwaka 2002. Anayeifuata kwa ajili ya huduma hatajuta; anayetaka nyumba ya kale atakuwa amenunua kitu kingine.

Tatizo gumu zaidi ni bawa jipya la nyumba ya kale. Niliwahi kufika jumba moja la jimbo la Rajasthan, ambalo sitalitaja, nikiwa na risiti ya chumba kilichoandikwa kuwa cha kifalme. Kijana wa mapokezi alinivisha koja la maua ya rangi ya chungwa, akanipitisha ukumbi wenye mapanga na picha za mababu wenye masharubu, kisha akaendelea kutembea. Tukatoka kwa mlango wa nyuma, tukakata bustani, tukaingia jengo la ghorofa mbili ambalo rangi yake ilikuwa bado inanuka. Niligonga ukuta kwa kifundo cha kidole nikasikia saruji. Matao ya madirisha yalikuwa ya jasi, na tundu la bomba la kiyoyozi lilikuwa limetobolewa katikati ya ua lililochorwa. Nyumba niliyoilipia niliiona mara mbili kwa siku, nikienda kula.

Ukuta wa kweli wa Rajasthan hupigwa lipu ya chokaa inayoitwa araish, ambayo hupakwa tabaka juu ya tabaka, kisha ikasuguliwa kwa jiwe la akiki mpaka ikang'aa na kuwa baridi mkononi kama ganda la yai. Mtu aliyekulia nyumba ya mawe ya Lamu au ya Mji Mkongwe wa Unguja, anayejua jinsi chokaa inavyopumua na jinsi saruji inavyofungia unyevu mpaka ukuta ukatoka mabaka, hahitaji kuelezwa zaidi. Kinga dhidi ya bawa jipya ni kuuliza kwa maandishi kabla ya kulipa: chumba hiki kiko katika jengo la asili, na jengo hilo ni la mwaka gani? Hoteli yenye cha kujivunia hujibu kwa kutaja mwaka. Ile inayojibu kwamba vyumba vyake vyote ni vya mtindo wa kifalme imekwisha kujibu.

Nafasi ya kwanza: majumba ya mabwana wadogo wa Rajasthan

Chini ya maharaja walikuwapo mabwana wadogo, wenye vyeo kama thakur na rawat, ambao kila mmoja alikuwa na ardhi yake, ngome yake na kijiji kilichoizunguka. Majumba yao hayana ukubwa wa kutisha, na pengine hiyo ndiyo sababu mengi yameweza kubaki mikononi mwa familia. Deogarh Mahal, iliyo kaskazini ya Udaipur, ilijengwa mwaka 1670, na familia yenyewe bado inaishi humo. Samode Palace, umbali wa kama kilomita 40 kutoka Jaipur, ni ya aina hiyo hiyo, ingawa bei yake iko juu zaidi. Castle Mandawa iko katika eneo la Shekhawati, ambako wafanyabiashara wa Kimarwari walijaza kuta za haveli zao, yaani majumba yenye nyua za ndani, michoro ya miungu, ngamia, treni na magari, na baadhi ya wachoraji walivichora vyombo hivyo kwa masimulizi tu, jambo linaloonekana wazi ukiyatazama magurudumu yake.

Katika majumba haya mgeni hupata jengo zima. Hupita lango lile lile la tembo, hupanda ngazi zile zile zilizolika katikati kwa nyayo za watu, hulala katika chumba ambacho hakifanani na cha jirani, na jioni huweza kumkuta mwenye nyumba mwenyewe ameketi barazani akitaka kujua mgeni ametoka wapi. Samode ina ukumbi unaoitwa Sheesh Mahal, ambao kuta na dari yake zimepachikwa vipande vya kioo kati ya michoro ya maua. Mchana unaonekana kuwa ukumbi mzuri kama kumbi nyingine. Usiku, taa za umeme zikizimwa na mshumaa mmoja ukawashwa, kila kipande huutwaa moto ule kwa upande wake, na mtu akiusogeza mshumaa kidogo tu dari nzima hutembea. Mtalii wa kutwa aliyekata tiketi Jaipur hawezi kuuona ukumbi huo kwa namna hiyo, naye anayelala Samode anaweza.

Bei za majumba ya kundi hili kwa kawaida huanzia karibu rupia 8,000 kwa usiku na kufika 25,000 au zaidi wakati wa msimu. Kasoro zake ni za nyumba yoyote ya kale: hakuna lifti, ngazi ni za mawe na hazilingani, maji ya moto huchelewa kufika vyumba vya juu, na njiwa huamka kabla ya mgeni. Mwenye wazazi wazee aombe chumba cha chini kwa jina lake, si kwa daraja lake, kwa kuwa ndani ya daraja moja chumba kimoja chaweza kuwa na roshani ya mawe inayotazama bonde na kingine kikatazama tangi la maji.

Nafasi ya pili: House of MG, Ahmedabad

Watu wa Afrika Mashariki wanaoruka moja kwa moja hadi Rajasthan huipita Gujarat juu kwa juu, ilhali ndiyo sehemu ya India iliyo karibu zaidi na nyumba zetu. Milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, misumari yake ya shaba na roshani zake za mbao zina ndugu zao katika miji ya Gujarat na Kachchh, walikotoka wafanyabiashara waliokuwa wakikusanya hata ushuru wa forodha wa masultani wa Zanzibar. Mji wa kale wa Ahmedabad ulitangazwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2017, ukiwa mji wa kwanza wa India kupewa hadhi hiyo.

House of MG ni jumba la mwaka 1924 la mfanyabiashara wa nguo Mangaldas Girdhardas, na jengo lenyewe ndilo hoteli. Juu ya dari kuna mkahawa uitwao Agashiye, unaopakua sahani ya Kigujarati isiyo na nyama, na wapakuaji hawaachi kuongeza mpaka mtu aifunike sahani yake kwa mkono. Ng'ambo ya barabara uko msikiti wa Sidi Saiyyed, uliojengwa mwaka 1572 hadi 1573, ambao madirisha yake ya mawe yamechongwa matawi ya mti yaliyosukana hadi jiwe likawa kama kimia. Aliyeujenga alikuwa Mhabeshi, na neno Sidi ndilo ambalo hadi leo watu wa Gujarat wanawaitia wazao wa Waafrika waliofika pwani hiyo. Kuamka asubuhi, kunywa chai, na kuvuka barabara kwenda kulitazama dirisha hilo kabla ya mabasi ya watalii ni jambo ambalo hoteli ghali kuliko zote za Udaipur haiwezi kukupa.

Gujarat imekataza pombe tangu ilipokuwa jimbo mwaka 1960. Mgeni wa kutoka nje anaweza kupata kibali, lakini anayetaka bia kando ya bwawa achague mji mwingine. Jumba liko katikati ya mji, na honi za bajaji zinaingia chumbani. Kwa bei ambayo mara nyingi ni robo au chini ya robo ya kasri kubwa, hilo linavumilika.

Nafasi ya tatu: Falaknuma, Hyderabad

Ikiwa mtu ana fedha za usiku mmoja tu wa kasri kubwa, azipeleke hapa. Falaknuma ilianza kujengwa mwaka 1884 na Viqar-ul-Umra, mkuu wa ukoo wa Paigah, juu ya kilima kilicho kama kilomita 5 kusini ya Charminar, jengo la minara minne lililo alama ya mji, na jina lake maana yake ni kioo cha mbingu. Msomaji wa Kiswahili atalisikia humo neno letu falaki. Ramani yake ina umbo la nge mwenye mikia miwili iliyotanuka kama mabawa. Gharama zilimlemea mwenyewe hata mwisho wa karne hiyo jumba likaingia mikononi mwa Nizam, yaani mtawala wa Hyderabad, wa sita, Mahbub Ali Khan, ambaye aliligeuza kuwa nyumba ya wageni wake wakubwa. Baada ya enzi ya manizamu kwisha lilifungwa kwa miaka mingi, vumbi likakaa juu ya vitabu, mpaka kampuni ya hoteli ya Taj ilipolikarabati kwa takriban miaka kumi na kulifungua kuwa hoteli Novemba 2010.

Sababu ya kuipendelea kuliko kasri nyingine za bei yake ni kwamba vyumba ni 60 tu na mgeni huingia kila mahali. Jioni huongozwa kupitia maktaba, ukumbi wa biliadi na chumba cha chakula chenye meza moja ya watu 101, ambayo urefu wake unakaribia mita 33. Mtu akisimama kwenye kichwa chake, kiti cha mwisho huonekana kama cha mtoto. Hakuna nusu ya jengo iliyofungwa kwa ajili ya familia, wala jumba la makumbusho ambalo mwenye tiketi huona zaidi ya mwenye chumba.

Mji ulio chini ya kilima unaongeza thamani yake, hasa kwa mtu wa pwani yetu. Nizam aliajiri askari kutoka Hadhramaut na Afrika, na mitaa yao ipo bado. A.C. Guards ni mtaa uliopewa jina la kikosi cha walinzi wa Kiafrika waliopanda farasi, na Barkas, ambao jina lake limetokana na kambi za askari, ni mtaa wa Wahadhrami ulio karibu na Falaknuma yenyewe, ambako wanaume huonekana wamevaa kikoi cha Kiarabu sokoni. Haleem ya Hyderabad, ngano na nyama iliyopondwa mpaka ikavutika, ni ndugu wa bokoboko yetu, na wote wawili baba yao ni harisa ya Waarabu. Biriani sina haja ya kuieleza, ila niseme kwamba ya kwao hupikwa nyama na wali pamoja katika sufuria iliyozibwa kwa unga, na anayesubiri mchuzi mzito wa kando kama wa Mombasa asije akadhani amesahauliwa.

Bei ya msimu huzidi rupia 40,000 mara nyingi, na haipungui sana. Wako Watanzania na Wakenya wengi wanaofika Hyderabad kila mwaka kwa matibabu, na jamaa anayemsindikiza mgonjwa aliyekwisha kupona huweza kuuongeza usiku huo mmoja bila ya nauli nyingine ya ndege.

Nafasi ya nne: majumba ya Chettinad

Katika Tamil Nadu, mwendo wa kama kilomita 90 kutoka Madurai, kuna vijiji ambavyo barabara zake ni za vumbi na nyumba zake ni za kifahari kuliko ofisi za serikali. Wachettiar walitajirika kwa kukopesha na kufanya biashara Burma, Ceylon na Malaya, wakaleta kwao mbao za msaji wa Burma na marumaru ya Italia, wakajenga majumba marefu ya nyua zinazofuatana, kiasi kwamba ukisimama mlango wa mbele unaona mwanga wa mlango wa nyuma kwa mbali kama mwisho wa pango. Visalam, iliyoko Kanadukathan, ni jumba ambalo baba alimjengea bintiye. The Bangala, iliyoko Karaikudi, hufuatwa zaidi kwa mapishi yake, ambayo huletwa juu ya jani la mgomba. Sakafu ni za vigae vya Athangudi, vinavyomiminwa kwa mkono juu ya kioo na kukaushwa bila ya kuchomwa. Haya ni majumba ya watu waliopata fedha zao kwa mahesabu, na yanapendeza kwa namna nyingine kabisa kuliko ngome za wapiganaji. Yako nafasi ya nne kwa sababu ya umbali tu.

Kasri za picha: Lake Palace, Umaid Bhawan, Rambagh

Taj Lake Palace ya Udaipur ndiyo picha ambayo wengi huwa nayo kichwani wanaposikia hoteli ya kifalme. Maharana Jagat Singh wa Pili aliijenga kati ya 1743 na 1746 juu ya kisiwa katika ziwa Pichola, na imekijaza kisiwa hicho chote hata kwa mbali marumaru inaonekana kuelea. Mgeni hufikishwa kwa mashua. Ni halisi kabisa, na siwezi kumcheka mtu aliyeweka akiba kwa ajili yake. Lakini uzuri wa Lake Palace huonekana kutoka nje yake: anayelala ndani hutazama mji, na anayelala mjini katika haveli ya ufukweni kwa rupia 6,000 hulitazama kasri asubuhi, jioni na usiku. Nimeiweka ya tano. Ziwa nalo si la kudumu: katika miaka ya ukame mwanzoni mwa karne hii lilikauka hata mifugo ikalisha kuizunguka hoteli. Mwezi mzuri ni Septemba mwishoni au Oktoba, mvua zikiwa zimekwisha kulijaza.

Umaid Bhawan ya Jodhpur ni ya sita. Ilianza kujengwa mwaka 1929 ili kuwapa kazi watu wa Marwar, yaani dola ya Jodhpur, waliopigwa na ukame, ikamalizika mwaka 1943, ina vyumba 347, na mawe yake ya rangi ya dhahabu yamefungamana bila ya udongo wala saruji kati yake. Mchoraji wa ramani alikuwa Mwingereza, Henry Lanchester. Jengo limegawanyika sehemu tatu, familia ya maharaja ikikaa moja, makumbusho yakichukua nyingine na hoteli ya tatu, kwa hiyo bei inayozidi rupia 50,000 wakati wa msimu inanunua theluthi ya kasri. Mimi ningelala mji wa kale, chini ya ngome ya Mehrangarh, na kukata tiketi ya makumbusho.

Rambagh ya Jaipur ni ya saba, si kwa ubaya, bali kwa kuwa uzuri wake mkubwa ni bustani na huduma. Neemrana, ngome ya mwaka 1464 kati ya Delhi na Jaipur iliyofunguliwa kuwa hoteli 1991, inafaa siku za kazi. Jumamosi na Jumapili watu wa Delhi huijaza. Mwenye magoti mabovu asiijaribu siku yoyote.

Na kuna kitu ambacho ningemshauri mtu asikinunue kabisa, nacho ni chumba ndani ya ngome ya Jaisalmer. Ngome hiyo ilianzishwa mwaka 1156 na bado watu wanaishi humo. Jangwa halikuijengea mfereji wa kuchukua maji ya mabafu ya watalii. Maji hayo huzama katika udongo ulio chini ya kuta, na sehemu za kuta zimekwisha kuporomoka. Vyumba vya nje, chini ya kilima, vina mandhari bora zaidi, kwa kuwa dirisha lake linaitazama ngome.

Bei kamili, na maswali ya kuuliza

Bei inayotangazwa mara nyingi haina kodi. Chumba kinachozidi rupia 7,500 kwa usiku hutozwa kodi ya asilimia 18, na kisichozidi hapo, tangu Septemba 2025, asilimia 5. Tofauti hiyo inatosha kumfanya mtu achague chumba cha 7,400 badala ya 7,800. Mikahawa ya hoteli za bei ya juu nayo hutoza asilimia 18. Herufi zilizoandikwa kando ya bei zina maana: EP ni chumba peke yake, CP ni pamoja na chai ya asubuhi, MAP huongeza mlo mmoja mkuu, na AP ni milo yote. Mijini chukua CP. Katika jumba la kijijini kama Deogarh chukua MAP, kwa sababu usiku hakuna mahali pengine pa kula. Tarehe 24 na 31 Desemba hoteli nyingi hulazimisha chakula cha sherehe kinacholipiwa mbali, wakati mwingine kwa bei ya chumba kizima.

Uliza pia kama kuna arusi. Kuanzia Novemba hadi Februari matajiri wa India hukodi kasri nzima kwa siku tatu, na mgeni wa kawaida aliyebaki ndani hujikuta akizuiwa kuingia uani na kusikiliza ngoma ambazo hakualikwa. Sheria inakataza vipaza sauti vya nje baada ya saa nne usiku, na utekelezaji wake hutegemea arusi ni ya nani.

Msimu wa bei za juu ni Oktoba hadi Machi. Aprili hadi Juni bei hushuka sana, lakini joto la Rajasthan hupita nyuzi 40, na ukuta wa chokaa una mipaka yake. Septemba ndiyo ningeichagua kwa kulinganisha bei na hali ya hewa. Anayekwenda Januari aulize kuhusu hita ya chumbani, maana majumba ya mawe yalijengwa kukimbia jua, na usiku huo mtu wa Tanga atalala na koti.

Nyumba ndogo za wageni zina kikwazo kimoja zaidi. Sheria inazitaka hoteli ziwaarifu wakuu wa uhamiaji kuhusu kila mgeni wa kutoka nje ndani ya saa 24, kwa fomu iliyojulikana kwa miaka mingi kama Form C, na nyumba ambazo hazijajisajili kwa kazi hiyo humrudisha mgeni mlangoni hata kama amekwisha kulipa mtandaoni. Ujumbe mfupi wa kuuliza kama wanapokea pasipoti ya Kenya au ya Tanzania unaokoa usiku mzima. Raia wa nchi hizo mbili wanaweza kuomba viza ya India mtandaoni, na anayetoka nchi yenye homa ya manjano, kama Kenya au Uganda, hana budi kuwa na cheti cha chanjo aliyochomwa siku 10 au zaidi kabla ya kufika, la sivyo atawekwa karantini. Bakshishi, neno ambalo wao na sisi tunalo kwa pamoja, ni bora kuiweka katika sanduku la pamoja la mapokezi, ili wapishi na wafua nguo ambao hawaonekani nao wapate.

Namna ya kuzigawa siku tisa

Ndege za moja kwa moja kutoka Nairobi na Dar es Salaam hutua Mumbai, na hapo ndipo pa kuanzia hesabu. Treni ya kwenda Ahmedabad, siku mbili House of MG. Gari hadi Udaipur, mwendo wa kama kilomita 260, siku mbili katika haveli inayotazama ziwa. Siku mbili Deogarh, siku mbili Samode, kisha ndege kutoka Jaipur hadi Hyderabad kwa ule usiku mmoja wa Falaknuma. Kwa mpango huu usiku nane kati ya tisa ni wa bei ya kadiri, na wa tisa ndio wa kutoboa mfuko.

Siku ya kurudi, Mumbai, wengi hushawishika kulala Taj Mahal Palace iliyo mbele ya Gateway of India, hoteli aliyoijenga Jamsetji Tata na kuifungua tarehe 16 Desemba 1903. Vyumba vyake vya bei ya chini, hata hivyo, viko katika mnara ulioongezwa miaka ya 1970, kwa hiyo anayelala humo analipia jina la jengo la jirani, na chumba cha jengo lenyewe la zamani hupanda bei mara moja. Badala yake, mizigo ikiwa imefungwa na ndege ni ya usiku, panda ghorofa ya kwanza ya jengo la kale, uingie Sea Lounge saa tisa alasiri, uombe meza ya dirishani, na uagize chai. Bandari iko pale pale chini, mashua za kisiwa cha Elephanta zinaingia na kutoka, na dirisha ni lile lile la wenye vyumba.